Mlango wa Gari la Mkwe Wangu

Mlango ulifungika kwa mara ya tatu, ukatulia kama dakika moja, kisha ukajifungua wenyewe polepole bila mtu kuugusa. Nilikuwa nimesimama nje, tupa ya kusugulia chuma mkononi, nikautazama unavyokuja upande wangu. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Jumatatu alfajiri mke wangu alitakiwa awe amelala nyuma ya mlango ule, safarini kwenda Dar es Salaam.

Wiki sita kabla ya siku hiyo alianguka migombani akiwa amebeba majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Madaktari wa Moshi walimhudumia vizuri, namshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini mfupa haukukubali kuunga. Wakatuandikia kwenda kwa daktari wa mifupa Dar, Jumanne saa mbili asubuhi. Yule dada aliyetupa karatasi alisema tukiikosa siku hiyo tutarudi mwisho wa foleni, na foleni ni ya miezi. Mke wangu alikuwa hawezi kukaa, anaweza kulala tu. Basi lisingewezekana, na gari dogo lisingewezekana.

Ndipo mkwe wetu, mume wa binti yetu wa pili, akasema atatupeleka kwa gari lake jipya. Yeye kazi yake ni kupeleka wageni mbugani, na gari hilo alilinunua kwa wasafiri waliochoka kuzunguka Afrika. Lina kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, makabati madogo, na ubavuni lina mlango kama wa nyumba. Watoto wa jirani waliliita nyumba ya magurudumu. Alilipandisha Kibosho Jumamosi asubuhi, akaliegesha uani kwetu kati ya kahawa na mfongo, yaani ule mfereji wa maji wa wazee wetu, maana hapo tu ndipo pasipo na mti.

Aliposhuka aliniambia, "Baba, mlango huu umeanza kunisumbua nilipoacha lami. Huko chini ulikuwa mzima kabisa. Kesho nitakuja na fundi."

Nikamwambia, "Mlango? Huo niachie mimi."

Nilisema hivyo kwa sababu nimetengeneza milango miaka arobaini. Nilikuwa katekista wa parokia yetu, lakini ukatekista haulishi nyumba, na useremala ndio uliosomesha watoto. Mkwe akaenda mjini kumalizia shughuli zake, nami nikachukua kisanduku changu cha vifaa.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu mke wangu, la sivyo mtu hataelewa kwa nini mlango ule ulininyima usingizi. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Zamani mama akikutana na mkwe wake njiani alikuwa anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wanasalimiana, na Krismasi wanakaa sebule moja. Lakini mke wangu alilelewa na bibi yake, na ya bibi yake hayajamtoka. Hajawahi kula mbele ya mkwe huyu. Aliposikia atasafiri amelala ndani ya gari lake, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akatoa masharti yake: godoro liwe la kwake, blanketi liwe la kwake, kati ya dereva na kitanda pawekwe pazia, na mkwe asipite mlango ule hata mara moja yeye akiwa amelala.

"Lakini kitanda ni chake," nilimchokoza.

"Kitanda ni chake, godoro ni langu," alijibu. "Mungu anaona tofauti."

Nilikubali yote. Sasa, mlango ulipogoma, mtu yeyote angesema akae mtu pembeni yake aushike. Mkwe mwenyewe alikuwa amesema kwamba angeweza kumtafuta dereva mwenzake aendeshe, ili yeye akae nyuma kuushika. Neno hilo sikulifikisha hata kwa mke wangu. Mimi mwenyewe vidole vyangu vina baridi yabisi, siwezi kushika kitu saa kumi mfululizo. Nikamwambia tuufunge kwa kamba.

"Unifunge kama mkungu unaokwenda sokoni?" aliniuliza kupitia dirishani. "Gari likishika moto je? Uanze kufungua mafundo?"

Basi nikaanza kazi, na hapo ndipo nilipokosea. Huku kwetu mvua za masika zikinyesha milango yote inavimba. Mtu ananiita, natafuta alama pale mlango unaposugua, napitisha randa mara mbili, nakunywa chai, narudi nyumbani. Kila mlango uliomshinda mtu uliletwa kwangu kwa kosa hilo hilo, kwamba umenenepa. Sikujiuliza kama bati linaweza kunenepa. Nilitafuta alama nikaiona, pembeni juu upande wa kitasa. Nikapiga tupa. Mlango ukaingia kidogo, halafu ukarudi. Nikapiga tena. Nikaona mpira uliobandikwa kuzunguka fremu nao umebana, nikaupunguza kwa kisu. Ukafungika, ukatulia, ukajifungua. Nikaupunguza tena.

Jioni nilikuwa na mlango wenye nafasi ya vidole viwili pale juu, na chini bado ulimi wa kitasa haukuingia mahali pake. Nikasimama nikaona nilichofanya. Gari la mtu, la mkwe, nilikuwa nimeliharibu kwa mikono yangu. Niliokota vipande vya mpira kwenye majani kimoja kimoja nikavitia mfukoni.

"Mwalimu, umeshaufunga?" mke wangu akaita. Ananiita Mwalimu kama watu wote wa parokia, hasa akitaka kunitania.

"Bado kidogo."

"Hilo 'bado kidogo' unalisema tangu saa saba."

Usiku nilisali rozari, na kila nilipofika kwenye fumbo nilijikuta nahesabu bawaba. Niliona barabara yetu kichwani mwangu, mawe yake na mitaro yake, na mlango unafunguka, na godoro linateleza. Sijui kama niliwahi kusali vibaya namna ile.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza. Baada ya misa nilimfuata padri nikamweleza kwamba nina kazi ya mikono ambayo haiwezi kusubiri. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa kipaimara amri ya tatu kwa miaka mingi, nikaona aibu kuivunja bila kusema.

Padri akacheka. "Mwalimu, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato?"

"Anatolewa, Padri."

"Na mke je? Nenda zako."

Saa tano mkwe akafika na fundi kutoka Himo. Fundi huyo huunda bodi za malori, mtu mnene, kofia ya sufi kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Alinisalimia, "Shikamoo mzee," nikaitikia. Nikamwomba radhi kwamba tunamfanyisha kazi Jumapili.

"Usijali, mzee wangu. Mimi ni Mwislamu. Siku yangu ilikuwa juzi."

Akaufungua mlango, akapitisha kidole kwenye ukingo niliouparura, akapiga mluzi. "Huu mlango umeliwa na nini? Panya wa Kibosho wana meno ya chuma?"

Mkwe akageuka kuangalia migomba. Alikuwa ameshaona. Alikuwa ameshaona tangu aliposhuka, ila heshima ilimzuia kusema, na ule ukimya wake uliniuma kuliko kama angenifokea.

"Panya ni mimi," nikasema. "Mkwe, nisamehe. Nimeharibu gari lako."

"Baba, ni mlango tu," akasema haraka.

Fundi aliona haya. "Samahani mzee, sikujua."

"Endelea. Sema unachokiona."

Akarudi nyuma hatua tano, akainama, akalitazama gari kama mtu anayemtazama ng'ombe sokoni. Kisha akaniuliza, "Una pimamaji?"

Ninayo. Siku zote ninayo. Ilikuwa ndani ya kisanduku, chini ya randa, na tangu Jumamosi sikuigusa. Akailaza kwenye sakafu ya gari karibu na kiti cha dereva. Povu lilikimbilia kulia. Akailaza nyuma karibu na kitanda. Povu lilikimbilia kushoto.

"Umeona, mzee? Mbele linaegemea huku, nyuma linaegemea kule. Gurudumu hili limezama kwenye udongo wa mfereji, lile la kule limepanda jiwe. Gari limejikunja kama mtu anayegeuka kitandani. Sasa tundu la mlango limepinda pembe zake. Mlango wako haukuwa na kosa lolote. Nyumba ndiyo imejinyonga."

Nimeishi miaka sabini na kitu mlimani, mahali ambapo mtu hajengi hata banda la kuku kabla ya kuchimba na kusawazisha. Fundi yeyote anajua nyumba ikikaa vibaya milango inagoma. Lakini kwa kuwa ile ilikuwa na magurudumu, sikuifikiria kama nyumba. Na mkwe alikuwa ameniambia wazi kwamba kwenye lami ulikuwa mzima.

Tuliliondoa gari pale tukalipeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule, maana ndipo mahali palipo sawa karibu na kwetu. Mkwe akashika mlango akausukuma kwa kidole. Ukasema "tii", ukakaa. Akauvuta bila kugusa kitasa, haukutoka. Nilitaka kufurahi, ila juu kulikuwa na ile nafasi ya vidole viwili, na jua lilipita hapo kama kupitia bati bovu.

Fundi alikuwa na mpira wa mlango wa lori ndani ya begi lake. Akaubandika kwa gundi mahali nilipokata, akasogeza kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa, akaongeza washa mbili, zile pete za chuma, chini ya bawaba. Kazi hiyo ilichukua saa mbili, na misa ya pili ikatoka. Watu wakaanza kupita uwanjani.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, mama mwenye sauti inayofika kijiji cha pili, akasimama na kitenge chake cha kanisani. "Tumsifu Yesu Kristo! Haya, Mwalimu wangu wa kipaimara ana bisibisi Jumapili! Nikupeleke kwa Padri?"

"Milele amina. Nimetoka kwake."

"Amekupa kitubio gani? Kutengeneza lori?"

Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye njia. Nikamuuliza fundi, "Hapa ni sawa. Je, kutoka nyumbani mpaka lami?"

Akakuna shingo. "Hapo mzee, siwezi kukudanganya. Barabara ikilikunja gari, mlango utasikia. Tujaribu."

Nikasema nitalala kitandani mwenyewe, kama atakavyolala mke wangu. Mkwe alitaka kukataa, akaniangalia usoni, akaacha. Tulipanda mpaka nyumbani, tukageuza, tukaanza kushuka polepole. Nililala chali, rozari mkononi, macho kwenye mlango. Mtu akilala ndani ya gari haoni barabara, anaisikia mgongoni tu. Kila jiwe lilinijia kabla sijajiandaa. Nikaelewa kwamba mke wangu angekuwa hivi, tena na nyonga iliyovunjika.

Mlango ulivumilia mpaka kwenye kona ya darajani. Hapo gurudumu la kushoto linaingia mtaroni, hakuna namna ya kuukwepa. Nikasikia bodi inalia, kisha "tii", na mlango ukafunguka wote. Nikaona majani ya migomba yanapita, halafu majani yakaisha, nikaona korongo na maji chini yake. Nilishika ukingo wa kitanda. Nilimwita Mama wa Mungu, nadhani kwa sauti, maana gari lilisimama mara moja.

Mkwe alikuja mpaka mlangoni. "Baba, umeumia?"

"Hapana. Rudi nyuma. Jaribu kupita upande wa pili."

Tulijaribu mara mbili zaidi pale pale, na mara zote mbili ulifunguka. Tulipofika kwenye lami tukaenda mpaka karibu na mjini na kurudi, na mlango haukutikisika. Niliupiga teke kwa makusudi, ukatulia. Fundi akasema kwenye lami yeye angelala hapo na mtoto wake mchanga bila wasiwasi. Shida ilikuwa zile kilomita tatu za kwetu.

Tuliporudi uwanjani jua lilikuwa limeanza kushuka, na mwenyekiti wa jumuiya alikuwa bado yupo, ameketi na akina mama wawili wakipanga zamu za usafi wa kanisa. Aliona uso wangu, akataka kujua. Nikamweleza yote.

"Subiri," akasema. "Tatizo ni kilomita tatu?"

"Ndiyo."

"Tatu tu? Na wewe tangu jana unapigana na mlango kwa ajili ya kilomita tatu? Sisi tumekufa?"

Nikamwambia wametuchotea maji wiki sita, wamekata majani ya ng'ombe, wamelala hospitalini kwa zamu. Niliona vibaya kuwaamsha alfajiri wambebe mtu mteremko wote ule wakati gari linafika mpaka mlangoni.

"Mwalimu, nilipokuwa darasani kwako ulinifanya nirudie sala ya kutubu mara kumi na moja. Hukuchoka. Sasa leo unatupangia sisi siku ya kuchoka?" Akatoa simu yake, akaandika kwenye kundi la jumuiya huku akisema kwa sauti anachoandika: "Kesho. Saa kumi na moja. Kwa Mwalimu. Wanaume wanane wenye mabega. Anayeumwa mgongo abaki na mkewe."

Jioni nilikaa kitandani kwa mke wangu nikamwambia kila kitu, kuanzia tupa mpaka korongo. Nilidhani atalaumu. Aliuliza kwanza, "Ulilala kwenye kitanda cha mkwe bila godoro langu?"

"Nililala."

"Haya, wewe ni mwanamume." Kisha akasema, "Mimi mlango wala sikuuogopa. Naogopa kisu cha daktari. Siku mbili hizi nilitaka kukwambia, ila ulikuwa huko nje na mlango."

Nilibaki pale. Mimi niliyekaa na wagonjwa wa parokia miaka yote ile, wa kwangu sikuwa nimemuuliza anaogopa nini. Tulisali pamoja, na safari hii sikuhesabu bawaba.

Walikuja kumi na wawili. Walikuwa na machela iliyotengenezwa kwa miti miwili na turubai, wakamlaza juu ya godoro lake mwenyewe, wakambeba kabla jua halijatoka. Mwenyekiti alitangulia na tochi akiongoza rozari, na kila baada ya fumbo akageuka kuwaambia, "Taratibu huko nyuma, hamjabeba magunia!" Kwenye kona ya darajani walibadilishana mabega bila kumtikisa. Mimi nilitembea pembeni, nimeshika ncha ya blanketi, nikisikiliza kama ataguna. Aliguna mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu mtu alikuwa amemkanyaga mbwa wetu aliyetufuata.

Gari lilikuwa limesimama kwenye lami, mahali palipo sawa. Mkwe alikuwa upande wa pili wa gari, ametugeuzia mgongo, anautazama mlima ambao bado haukuonekana. Walimsukuma mke wangu ndani polepole na godoro lake. Nikapanda, nikavuta pazia. Mwenyekiti akaufunga mlango kwa nje, nikausikia ukikaa, ndipo mkwe akaenda kwenye usukani.

Niliweka mkono kwenye kitasa na sikuutoa. Tulipita mjini, tukapita mashamba, tukafika Himo na malori yake yakielekea mpakani, na mkono wangu ulikuwa bado pale. Vidole vilianza kufa ganzi. Kila gari lilipotingishika kidogo nilikaza.

"Mkono unakuuma," mke wangu akasema.

"Hauumi."

"Nautazama tangu tulipoondoka. Uache huo mlango. Nipe mimi huo mkono."

Nilisita. Niliuangalia ule mpira wa lori, zile washa mbili, na alama za tupa yangu zinazong'aa juu. Kisha nikaachia kitasa, nikampa mkono. Aliukaza kuliko nilivyokuwa nimekikaza kitasa kile. Mlango nikamwachia Mungu na fundi wa Himo, nikashika mkono wa mke wangu mpaka alipolala, tulipokuwa tumeshaiacha Same nyuma yetu.